Niliwekea kabasi ka Papa mukia wa kupunguza upepo, barabara yote ikatupisha

Hapana mukubwa, hapo nakukatalia.

Umeandika kwenye uzi wa magari kwamba Goma hakuko barabara ya kufanya upepo ukuwe shida, eti sisi tunatembea juu ya mawe ya volcano kama kuku, upepo hata hautuone. Ndani ya muji uko na haki. Kutoka kwetu Katindo mpaka Ndosho, mutu wa miguu anakupita na bado anapata muda wa kukusalimia.

Lakini umeshapanda njia ya Rumangabo? Ukipita Kibumba kuko goudron, lami nzuri, na muteremko, na Papa wangu akiwa na gari tupu anakanyaga mpaka vioo vinalia. Pale upepo uko. Pale upepo unakula mazutu, dizeli ya gari, kuliko sisi tunavyokula bugali.

Basi wakuu, wa Goma na wa ngambo zote, musinibishie mbele sijamaliza. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, leo, na kiti nimekalia sasa hivi ni cha jirani, mutaelewa sababu. Sitaongeza chumvi, juu chumvi iko tayari ndani. Kiswahili changu ni cha kwetu, wale wa Dar muvumilie.

Naitwa Neema. Nimemaliza secondaire, section math-physique, diploma ninayo. Niko mutu wa haraka. Mama anasema nilizaliwa mbele ya muda na tangu pale sijapunguza mwendo. Nina tabia ya kuandika siku yangu kila jioni, na ya leo nimeona nisikae nayo peke yangu.

Papa iko na kabasi keupe ka zamani. Viti alivitoa, anapakia shu, zile nyie munaita kabichi, kutoka Rumangabo anashusha sokoni Goma. Kabasi kenyewe kako na mugongo umenyooka kama ukuta wa choo.

Njo kosa lake.

Gari ikipasua hewa mbele, ile hewa inapaswa kurudiana nyuma. Kama mugongo umekatika ghafla, hewa haijui ipite wapi, inazunguka-zunguka nyuma ya gari na kuivuta, kama mutoto hataki masomo anavyovuta kikwembe cha mama yake. Sasa ukiongeza mukia nyuma, mupana kwa kuanzia na unaenda ukipunguka, hewa inafuata mukia taratibu, inarudiana bila kelele. Gari inakuwa nyepesi. Makamyoni ya ngambo wanayo, nimeona video.

Shida ni kwamba mimi nataka polytechnique, chuo cha wahandisi. Papa anataka niende kwa tantine yangu, dada yake, kujifunza kushona, juu anasema ingénieur ni mutu wa kuongea tu. Tulibishana mpaka siku moja, ametoka kuweka mazutu na roho inamuuma, akasema mbele ya Mama:

"Kama mukia wako unapunguza mazutu, unaenda polytechnique. Kama haupunguze, unaenda kwa tantine, na sitaki kusikia tena neno upepo."

Mama akasema amesikia. Kwetu Mama akisema amesikia, hakuna wa kurudi nyuma.

Tukapima kwanza bila mukia. Unajaza tank mpaka mudomoni, unaenda Rumangabo, unapakia, unarudi, unajaza tena pale pale. Ile unaongeza njo ile kabasi kamekula. Nilipima na bidon, dumu ndogo. Namba sitawachosha nazo, mujue tu kamekula vibaya.

Mukia wa kwanza nilitengeneza na makartoni ya biskuti. Ulikuwa muzuri sana. Kisha mvua ya Goma ikanyesha, ukawa uji, kuku za jirani zikamaliza.

Njo nikaenda Ndosho kwa fundi wa mbao, Papa Kasereka. Yeye anatengeneza vitanda, milango, meza, kila kitu cha mbao mutu anahitaji katika maisha yake na hata baadaye. Nilimupa muchoro wangu: tripleksi, ile munaita plaiwudi, mupana upande wa gari, inaenda ikipunguka mpaka nyuma inakuwa nyembamba. Juu tambarare, chini tambarare, imefungwa pande zote hewa isiingie.

Papa Kasereka aliangalia muchoro, hakuuliza kitu. Akavua kofia. Akanishika mukono na mikono yake miwili.

Nikafikiri ni heshima kwa mutu wa math-physique.

Wakuu, kitanda cha Mama kilikaa kwa huyu fundi mpaka Mama akasahau rangi yake. Mukia wangu kesho yake ulikuwa tayari. Aliacha kazi za watu wote. Tena aliongeza mambo sikuomba: vernisi ya kung'aa mpaka unajiona, na mashikio ya rangi ya dhahabu, mawili kila upande. Nikamuuliza mashikio ya nini.

"Watu wataibeba namna gani, mama?" akasema, kwa sauti ya chini.

Nikaona ni kweli, iko nzito. Nilikuwa na haraka, nikashukuru, nikaita kijana wa chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao isiyo na moteri. Kwa kawaida wale vijana wanateremka na muzigo wakipiga kelele kama wazimu. Huyu alisukuma kwa miguu njia nzima, kimya. Nikasema moyoni, kumbe bado kuko vijana wenye adabu.

Leo asubui tukaufunga na maboulon, bolti kubwa, kwenye mulango wa nyuma. Mulango haufunguke tena, shu itabidi zipitie ubavuni. Papa akanuna kidogo, kisha akaongeza na yake. Nyie mulio mbali mujue: kwetu kitu kikitokeza nyuma ya gari, ao gari ikikufa njiani, unaweka matawi ya muti ili wenzako waone. Papa akakata matawi mabichi, akafunga pande zote za mukia. Yalipobakia akafunga mbele ya kabasi, juu yeye hapendi kutupa kitu. Akawasha clignotants zote, zile taa za kukata kona, zipigane njia yote, motard, mutu wa pikipiki, asije akatuingia nyuma. Na kwa sababu Kibumba ni baridi, akavaa veste yake nyeusi. Mimi nikafunga kitambaa cheusi cha Mama kichwani, juu ya vumbi.

Sasa wewe unayesoma umeshaona. Jirani nao walishaona.

Mama alisimama mulangoni, akaangalia gari, akaangalia Papa, akauliza kama tuko na hakika. Papa akamujibu kwamba science inataka moyo. Mama akaingia ndani.

Lakini sisi tulikuwa tunaona mukia. Mutu akikaa na muchoro wake muda murefu, hata umuletee ngombe ataona muchoro.

Tukaondoka. Kwenye rond-point, ule muzunguko wa magari, pale kila siku tunapigana na moto, zile pikipiki, kama mbuzi kwenye mulango mumoja, moto zote zikasimama. Zote. Mutu akainua mukono, akazuia magari ya kila upande, akatupitisha peke yetu.

Papa akaniangalia. Mimi nikaangalia mbele, kama mutu aliyejua.

Kwenye kutoka muji kuko barrière, kizuizi cha barabara. Vijana wa pale huwa wanamuuliza Papa maswali mpaka jina la bibi yake. Leo kamba ilishuka mbele hatujafika, na wao wamesimama wima, mikono nyuma.

"Kumbe aérodynamique iko na heshima vile," Papa akasema.

Nikamuelezea kwamba gari yenye umbo nzuri, watu wanaisikia ndani yao hata bila kusoma. Nilisema vile, wakuu. Nilitumia na neno instinct.

Kisha motards wawili wakajiweka mbele yetu, taa zinawaka, wakaanza kutuongoza pole pole. Papa akataka kuwapita, wakamufanyia ishara ya mukono: taratibu, muzee. Kwenye kioo nikaona nyuma kumejaa moto zingine, na kabasi kengine ka wamama wamevaa vitenge vya kufanana. Nikamuambia Papa hao wanafuata hewa yetu. Gari yenye mukia inapasua upepo, na walio nyuma wanafaidi, hata wale wa mashindano ya baiskeli wanafanya vile. Hiyo ni science ya kweli, sikudanganya.

Papa akajaa kifua. Akaanza kuinua mukono kusalimia watu kando ya barabara. Na wao wanajifanyia alama ya musalaba.

"Hawa ni wenzetu," akasema, amefurahi, juu sisi ni wakatoliki wa upande wa Bukavu.

Rumangabo tukasimama kwa Mama Jacqueline, mama anayeuzia Papa shu tangu sijazaliwa. Huyu mama kwa biashara hana huruma, hata jani moja lililooza anakuhesabia. Leo alitoka shambani anakimbia, akamukumbatia Papa, akaweka kiganja juu ya mukia wangu, akaanza kuomba kwa Kinyarwanda. Maombi marefu. Motards wakavua kofia zao. Wamama wa vitenge wakashuka, wakapanga mustari.

Papa akasema amina. Mimi pia nikasema amina. Project ikibarikiwa siyo mubaya.

Mama Jacqueline akapangusa macho, akauliza:

"Munaenda kumuzika hapa hapa, ao Rutshuru?"



Papa akageuka, akaangalia mukia. Mimi nikaangalia mukia. Vernisi. Mashikio. Matawi, vile wanafungaka kwenye gari ya musiba. Mupana kwenye mabega, nyembamba kwenye miguu.

Papa akakaa chini juu ya shu. Nikafikiri moyo umemushika. Kumbe anacheka, sauti haitoke, mabega tu yanapiga, na Mama Jacqueline kuona mabega yanapiga vile akazidisha kilio. Kumuelezea kulitutoa jasho. Na alipoelewa, hakucheka. Alisema sanduku tupu barabarani siyo muchezo, na kwamba yale maombi ameshayatuma, hawezi kuyarudisha.

Wamama wa vitenge walituangalia kama watu waliokojoa kanisani. Motards nao walikasirika, wakaongea pembeni, kisha wakarudi na uamuzi: watatupeleka mpaka Goma. Mutu hawezi kuacha musiba katikati, walisema, hata kama maiti haiko.

Nilimuomba Papa tutoe matawi na kuzima taa, ili angalau kurudi tupime vizuri. Papa akaangalia njia ya Goma, nikaona anafikiri ile kamba ya barrière.

"Matawi yanabakia," akasema.

Tukarudi hivyo, kabasi kamejaa shu mpaka kwenye vioo, motards mbele, hatukukanyaga frein, ile breki, hata pale kwenye malori huwa yanakwama kwenye mulima. Yalijitoa kando yenyewe. Dereva mumoja wa lori aliona shu kwenye kioo, akatuangalia sana. Nafikiri alijiuliza marehemu alipenda nini.

Sasa tufike nyumbani.

Kwenye parcelle yetu, uwanja wa nyumba, kuko viti. Viti vya plastiki, bâche, lile turubai, imeshafungwa kwenye ukuta, sufuria iko kwa moto, kwaya ya mutaa imesimama inaimba. Mutu alikuwa amepiga simu kutoka barabarani: nimeona Papa Neema na veste nyeusi, Neema amefunga kitambaa, wamebeba sanduku. Basi jirani wakafanya kile jirani wanafanya. Mama alishinda akiwaambia hakuna mutu amekufa, wakamukalisha, wakamupepea na sahani, wakaambiana masikini bado hajakubali.

Tuliposhuka wazima, mimi na Papa, wimbo ukakatika. Watu wakaanza kuhesabu. Papa yuko. Mama yuko. Neema yuko. Wadogo zangu wako juu ya ukuta, kila mumoja na beignet, lile andazi la kilio, mukononi. Ikabakia mutu mumoja: koko, mama yake Papa, anayeishi Bukavu.

Tantine yangu, yule wa kushona, akajitupa chini akimulilia mama yake. Nikamuambia tantine sanduku ni tupu. Akasema njo vile wanatufichaka.

Papa akapiga simu Bukavu, akaweka haut-parleur ili wote wasikie.

"Mama, uko muzima?"

"Niko muzima. Wewe uko na shida gani?"

"Kuko watu hapa wanakulilia. Wanasema umekufa."

"Nani anasema?"

"Wote."

Koko akauliza: "Wamekuja wengi?"

Papa akaangalia parcelle, akamuambia wengi, na kwaya pia iko.

"Vizuri," koko akasema. "Waambie waendelee kidogo, nisikie."

Na waliendelea, wakuu. Papa ameshika telefone juu kama padri ameshika hostia, kwaya inaimbia mutu muzima wa Bukavu nyimbo za kumusindikiza, na koko anakatisha: sauti ya nne haisikike, rudieni. Aliwarudisha mpaka akaridhika.

Baada ya pale hakuna aliyetaka kwenda kwake. Mutu aliyetoka nyumbani kwake kwa ajili ya kilio harudi na njaa, hata kama mwenye kilio yuko kwenye simu anauliza kitoweo. Shu za Papa, fungu kubwa, zimepita kwenye sufuria.

Papa hata hakulalamika, juu alikuwa na kitu kichwani. Mbele ya giza alienda kujaza tank, pale pale tunajazaka. Akarudi na bidon ameiinua juu ya kichwa. Wakuu, kilichoongezwa kilikuwa kidogo mpaka mimi mwenyewe nikafikiri pompe imeharibika.

Papa akasimama mbele ya viti, akaomba kimya. Akawaambia mukia wa mutoto wake unapunguza mazutu, kila mutu ameona, na kwamba Neema anaenda polytechnique. Kwaya ikapiga makofi. Tantine akanikumbatia, akasema cherehani haikimbie, lakini amefurahi.

Nilikuwa nimengojea hiyo siku. Nikacheza na wengine, kwa kweli nilicheza.

Kisha nikakaa na sahani yangu nikaanza kufikiri.

Juu hatukukimbia. Hata kwenye goudron ya Kibumba, motards walitupeleka mwendo wa mazishi. Kwa mwendo ule upepo ni kama haupo, hata ungefunga choo chenyewe nyuma ya gari matokeo yangekuwa yale yale. Hatukusimama, hatukuanza tena, hatukupanda mulima na vitesse ya kwanza, gia ya chini, nyuma ya lori. Mazutu haikupunguzwa na mukia wangu. Ilipunguzwa na marehemu, na marehemu hayuko.

Ao labda mukia nao ulisaidia kidogo. Njo mubaya wake: sijui.

Nikamufuata Papa pale alikuwa anatoa shu zilizobakia.

"Papa, siyo mukia. Ni kilio."

"Mazutu imepunguka ao haikupunguka?"

"Imepunguka."

"Na ile kitu nani ametengeneza?"

"Papa Kasereka, na muchoro wangu."

"Basi. Enda ukale."

Nikamuambia kesho akikimbia vile anakimbiaka, bila matawi, mazutu inaweza kurudi pale pale. Akacheka, akasema kwani nani amemuambia anatoa matawi. Amependa barabara ya leo. Anafikiri hata kununua veste ya pili.

Nikaenda kwa Mama, alikuwa anaosha sahani za watu. Nilifikiri atanituliza. Alisikiliza yote, akanipa sahani nipanguse.

"Papa yako amekupa," akasema. "Mimi sitakunyanganya. Lakini kule unaenda, siku moja watakuambia uonyeshe namna ulipata jibu. Utawapeleka kwa Mama Jacqueline?"

Nimepangusa sahani zote.

Wakuu, somo langu mimi ni hili. Ukitaka kujua kazi ya kitu kimoja, badilisha kile kimoja, vingine uviache vile vilikuwa. Mimi nilibadilisha mukia, na barabara, na mwendo, na hata namna watu wanamuangalia Papa. Na somo la pili ni dogo lakini lishike: ukimupelekea fundi muchoro na haulize kitu, wewe muulize yeye anafikiri ni nini.

Nyie mulio na ujuzi wa body za magari, mushuke hapa chini muniambie. Pembe ya mukia niiteremshe kiasi gani mbele hewa haijachoka kuufuata? Nikate ukuwe mufupi, ao ule urefu ni sawa? Na rangi: kwenu kuko rangi gani ambayo hakuna mutu anazikwa nayo? Naona manjano, lakini mutu wa Ndosho ameniambia ngoja kwanza. Wale mutakaocheka, mucheke, lakini mutoe na jibu.

Kuhusu polytechnique nimeshakata shauri. Kesho asubui, Papa akikunywa chai, nitamurudishia ahadi yake mbele ya Mama, nimuambie bado sijaishinda. Tantine akisikia atawasha na pasi ya kunipokea, najua. Kisha nitachukua ufunguo wa boulon, nitatoa mashikio yote ya dhahabu, nitatupa matawi kwa mbuzi, na nitamuomba Papa twende Rumangabo akimbie kama siku zote, na barabara itutukane kama siku zote, ili tujue.